Futi Kamba

Saa kumi na moja, Magomeni bado haijaadhiniwa,
kidonge cha kwanza, cha tezi ya shingo.
Maji matupu. Kisha ningoje saa nzima,
mimi na chupa ya chai tunatazamana.
Cha pili nakimeza na kiporo cha muhogo,
hicho ni cha zile tezi mbili
zilizokaa juu ya figo kama barakashia,
zilizoacha kazi bila kuaga.

Mimi ni fundi. Riziki yangu ni kupima watu.
Kiuno cha Bi Sikudhani nakijua tangu hajaolewa,
najua tumbo lipi la mimba, lipi la bia,
na futi kamba haijawahi kunificha kitu.
Kwa hiyo usiku ule nilipojizungushia mwenyewe
nilisoma namba mara tatu,
nikaikunja, nikailalia.

Umenawiri, Havijawa! Mashavu hayo!
Bila shaka kuna mtu anakutunza.
Hakuna mtu. Kuna haidrokotisoni.
Kuna ngozi nyembamba kama karatasi ya patani,
nikijigonga kwenye meza tu, zambarau imeiva.
Kuna njaa ya saa nane usiku
inayonikuta nimesimama gizani
nakula wali mkavu kwa mkono,
nafunika sufuria taratibu nisimwamshe mtoto.

Mwezi walioniongezea dozi ya tezi
moyo ulishona mbio, cherehani isiyo na uzi.
Umeme umekatika, feni imekufa,
jasho linadondokea satini ya watu,
na sindano, sindano yangu ya miaka kumi na tisa,
haikuniona.
Mwazani akaniingizia uzi.
Nikamfokea kwa kifungo kimoja kilichoanguka.

Nilimuuliza daktari: hasira hizi ni zangu?
Akasema, nyingine ni za dawa.
Na nyingine?
Akaandika kitu kwenye faili.

Ramadhani nilikula nyuma ya pazia la kujaribia nguo,
kati ya mabaki ya vitenge,
natafuna polepole kama mwizi wa karanga.
Ruhusa ninayo, Mungu anajua,
lakini Mungu hakai kibaraza kimoja na mama Zuhura.

Basi nikaviacha. Siku mbili.
Nilitaka uso wangu, ule wa kitambulisho,
wenye taya.
Siku ya tatu nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo,
nachagua bitana, nabishana bei,
mara muuzaji akawa mbali sana,
sauti yake ikitoka ndani ya mtungi,
nikatapika kwenye jora la watu.
Nilizinduka na dripu. Nesi Eufrasia
hakunigombeza. Alikaza plasta, akasema:
Hii si dawa ya kupona, mama. Ni ya kuamka.

Nimeamka, basi.
Kwenye mkoba, pamoja na chaki na mkasi,
nina vidonge vya akiba na karatasi
ya kumwambia asiyenijua kwamba nikianguka
asinimwagie maji, anikimbize hospitali.
Mwazani ameichora ua pembeni. Sikumtuma.

Jana nililifumua gauni langu la Idi.
Nguo za wateja huwa naziachia vidole viwili ndani ya mshono,
mwili haukai, nawaambia, leo hivi kesho vile.
Langu nilikuwa nimelikata hadi ukingoni,
nikibana kitambaa.
Nikatafuta kipande, njano juu ya bluu,
hakifanani hata kidogo, nikakiunga ubavuni.

Kisha nikamwita Mwazani, nikanyoosha mikono.
Pima.
Akapima, akanyamaza, akanitazama.
Isome kwa sauti.
Akasoma.
Nikaiandika kwenye daftari la wateja:
Havijawa, kifua, kiuno, nyonga,
kwa penseli,
maana Jumatano nina kliniki.